Mila za Mbwa Mwitu

Katika hayawani wote wa nyika za Afrika, ni wachache walioshikamana katika maisha yao kama mbwa mwitu, mnyama mwembamba wa miguu mirefu na masikio ya duara, mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano ambayo hayafanani kwa wawili hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Watunza wanyama wa zamani walimpiga risasi wakimdhania kuwa ni mharibifu asiyekuwa na adabu. Lakini atakayewatazama kwa subira katika mbuga za Rufiji, ilipo leo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ataiona jamaa yenye kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni ya uzazi. Aghalabu huzaa jike mkuu peke yake, naye huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja, katika shimo lililochimbwa na muhanga na kuachwa. Na waliobaki, ambao wengi wao ni kaka na dada wa watoto hao, huwalea kana kwamba wamewazaa wao. Alfajiri, na tena jua likipunga, wakubwa husalimiana kwa kulaza masikio na kulambana midomo, kisha huondoka kwa pamoja kuwinda swala pala. Warudipo, watoto huwakimbilia na kuwagusagusa pembe za midomo, nao huwatapikia nyama waliyoichukua tumboni, wala hawamsahau aliyebaki kulinda. Watoto wakipata nguvu ya kufuatana na kundi, wao ndio hutangulizwa kula windo, na wakubwa hungoja kando mpaka washibe.

Mila hizi ndizo zinazopandisha na kushusha idadi yao. Kundi la mbwa kumi lina wa kuwinda na wa kulinda shimo, hivyo watoto wengi husalimika. Bali likifikia watano hivi au chini yake, mambo huharibika. Akibaki mmoja na watoto, wawindaji hawatoshi, wala hawana nguvu ya kumzuia fisi asiwapokonye windo. Wakienda wote, shimo halina bawabu, na simba hana huruma. Ni kama jahazi lililopungukiwa na mabaharia: waliosalia, wangawa hodari, hawawezi kuipandisha foromali.

Tena ushirika huo huo una hatari yake, kwani salamu za kulambana hupitisha maradhi, na kichaa cha mbwa kikimwingia mmoja huweza kulimaliza kundi zima. Katika Hifadhi ya Serengeti walitoweka mwaka 1991, ingawa maradhi hayakuwa sababu pekee inayotajwa. Na mwaka 2012, walipoanza kurejeshwa kutoka Loliondo, walihamishwa kwa makundi, si mmoja mmoja.

Hata kundi jipya huanzishwa kwa ushirika: ndugu wa kike huhama pamoja, wakaenda mbali, wakakutana na ndugu wa kiume waliotoka kwingine. Kwa hiyo mhifadhi hana budi kuhesabu makundi kabla ya vichwa, na kuwaachia njia pana ya kukutania. Maana mbwa ishirini walio katika makundi mawili wana matumaini ya kuongezeka, na hao hao ishirini wakitawanyika watatu watatu, wamekwisha kuanza kupotea.