Ukinunua gari yadi (Sehemu ya Pili): Karatasi kwanza, bei baadaye

Sehemu ya kwanza ya makala hizi ilifuata gari kutoka mnada wa Japani hadi bandari ya Dar es Salaam. Leo gari limeshafika yadi. Limeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, na pembeni yake amesimama kijana nadhifu anayemwita kila anayeingia getini "bosi". Baada ya salamu, swali lake la kwanza huwa ni hili: "Bajeti yako ni kiasi gani, bosi?" Hoja yangu yote inaanzia kwenye swali hilo. Wengi wetu tunaamini kwamba kumkabili muuzaji wa magari ni kazi ya ulimi: ujue kuliponda gari, ujue kuondoka ukiwa umenuna ili uitwe urudi, ujue kwenda mwisho wa mwezi fedha zinapokuwa adimu. Mimi sikubali. Bei ya gari la yadi huamuliwa na nani anajua nini kuhusu gari lile kabla bei haijatajwa. Mnunuzi anayeanza na bei ameshaachia sehemu kubwa ya fedha zake, hata kama mwishowe atapunguziwa milioni moja na kupewa mkono wa heri.

Tazama kwanza anachokijua yule kijana. Anajua gari lilinunuliwa kwa kiasi gani Japani, lilitozwa kodi kiasi gani, wakala wa forodha alichukua ngapi, na limekaa yadi miezi mingapi likinyeshewa mvua. Anajua pia bei ambayo mwenye mali hakubali kushuka chini yake, kwa sababu mara nyingi yeye si mwenye gari: ametajiwa kiasi, na kinachozidi hapo ndicho chake, au anagawana na dalali aliyemleta mteja. Mjini tunakiita "cha juu". Wewe hujui hata kimoja katika hayo, na zaidi ya hapo kioo cha gari hakina bei. Marekani ilitunga sheria mwaka 1958 inayolazimisha kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda. Katika yadi zetu nyingi ukiuliza bei utajibiwa "maongezi yapo", maana yake bei itategemea uso wako, viatu vyako, na jibu utakalotoa kuhusu bajeti.

Kwamba bei humfuata mnunuzi si uzushi wa wenye wivu. Limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, Ian Ayres na Peter Siegelman waliwatuma watu jozi kwa jozi katika maduka ya magari mapya ya eneo la Chicago, zaidi ya ziara 300 za jozi kwa jumla. Wote walifundishwa maneno yaleyale, mavazi ya aina moja, na namna moja ya kupatana. Wanaume weupe walitajiwa bei za chini kuliko wanawake na kuliko watu weusi, na mwanaume mweusi ndiye aliyepandishiwa zaidi. Ulimi ulikuwa mmoja, bei zikawa tofauti, kwa sababu muuzaji alikuwa akikisia nani anajua bei ya soko na nani hajui. Miaka michache baadaye Fiona Scott Morton, Florian Zettelmeyer na Jorge Silva-Risso walichunguza mauzo halisi ya Marekani, wakaona kwamba wanunuzi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walilipa kiasi cha asilimia 2 zaidi ya wenzao dukani, lakini waliopitia huduma ya intaneti iliyowapa bei mapema walilipa karibu sawa na wengine. Hawakuwa wamejifunza ubishi. Walifika wakiwa na taarifa mkononi. Huku kwetu rangi haina kazi katika yadi, ila makisio ni yaleyale: mama aliyekuja peke yake, kijana aliyerudi likizo kutoka Muscat au Minneapolis, mstaafu aliyepata kiinua mgongo juzi.

Uzuri ni kwamba mnunuzi wa gari la Japani anaweza kujua mengi akiwa amekaa sebuleni kwake. Wauzaji wakubwa wa Japani, kama BE FORWARD na SBT, huweka mtandaoni bei za magari yao, na nyingi huonyesha gharama ikijumlisha nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Mamlaka ya Mapato nayo ina mfumo wa wazi wa kukadiria kodi za magari yaliyotumika: unaingiza aina, modeli, mwaka, ukubwa wa injini na nchi linakotoka, nao unakupa jumla. Ndani ya jumla hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Gari lenye zaidi ya miaka minane huongezewa tozo ya uchakavu. Chukua bei ya Japani, ongeza kodi, ongeza gharama za bandari, wakala na usajili, kisha linganisha na bei ya yadi. Kinachobaki ni faida ya yadi, au kitu kinachokaribia faida hiyo. Usiitake yote irudi kwako. Yadi imeweka fedha zake kwa miezi kadhaa, imebeba hatari ya gari kuharibika njiani, na imekupa nafasi ya kuliwasha na kuligusa kabla hujalipa, jambo ambalo aliyeagiza mwenyewe halipati. Hiyo ni huduma na ina malipo yake. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kulipia huduma ukijua unalipa kiasi gani na kulipa kwa kubahatisha.

Hesabu hiyo inakupa bei ya gari la aina ile. Haikwambii habari za gari hili lililo mbele yako, na hapa ndipo karatasi mbili zinapohitajika. Ya kwanza ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayoletwa huku hupitia minada ya Japani, na huko mkaguzi hulizunguka gari na kujaza ukurasa mmoja. Juu kuna alama ya jumla: 4.5 au 4 ni gari lililotunzwa, 3.5 ni la matumizi ya kawaida lenye makovu yake, na herufi R au RA humaanisha kwamba limewahi kupata ajali au kufanyiwa matengenezo ya kiunzi. Chini kuna mchoro wa gari lililokunjuliwa kama ngozi iliyowambwa, umejaa herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa, kwa hiyo A1 ni mkwaruzo usiostahili kukupotezea muda na A3 ni wa kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Vipimo hutofautiana kidogo kati ya mnada na mnada, lakini ukisoma kurasa tatu nne utazizoea.

Karatasi ya pili ni hati ya kufutiwa usajili Japani kwa ajili ya kusafirishwa nje. Watu wengi huiona ni mambo ya forodha tu, kumbe ndiyo inayofichua kilomita. Gari dogo la binafsi Japani hupita ukaguzi wa lazima uitwao shaken, mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, na kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huingizwa kwenye kumbukumbu. Hati ile huzibeba. Tuseme dashibodi inasoma kilomita 62,000 na kijana anaapa kwamba "hii gari haijatembea, ilikuwa ya mwalimu mzee". Hati ikionyesha kwamba kwenye ukaguzi wa mwisho gari lilikuwa na 118,000, mazungumzo yamekwisha. Huna haja ya kupaza sauti wala kumwita mtu mwongo. Mwonyeshe mstari.

Wapo watakaosema muuzaji hatakubali kutoa karatasi hizo. Kwa hati ya kufutiwa usajili, jibu ni rahisi: ni miongoni mwa nyaraka zinazotumika kulitoa gari forodhani na kulisajili, kwa hiyo aliyeliingiza alikuwa nayo. Anayesema haijui anasema hataki uione. Karatasi ya mnada ni suala gumu zaidi. Si kila gari limepita mnadani, na zipo karatasi za kughushi, hasa zile zinazotumwa kwa simu zikiwa zimekatwa pembe. Ndiyo maana unahitaji namba ya chesesi, uisome mwenyewe kwenye bodi na si kwenye tangazo, kisha ulipie huduma ya mtandaoni inayotafuta kumbukumbu za mnada kwa namba hiyo. Ikikosekana, usihukumu kwamba umetapeliwa. Hukumu kwamba gari hili halina ushahidi, na gari lisilo na ushahidi haliuzwi kwa bei ya lenye ushahidi.

Wengine watasema fundi anatosha. Fundi ni wa lazima, lakini fundi huona gari lilivyo leo, na anachoweza kuona kinategemea muuzaji alivyojiandaa. Ukipiga simu kwamba unafika saa nne, saa tatu na nusu injini itakuwa imeshawashwa, kwa sababu injini iliyopata moto huficha mlio na moshi wa kuwashwa asubuhi. Fika bila taarifa, weka kiganja kwenye boneti, na kama pana joto omba urudi kesho. Fundi naye awe wako. Anayeitwa na yadi analipwa na yadi, na hata uliyekuja naye anaweza kuahidiwa chochote pembeni wakati wewe unajaza fomu. Mlipe kiasi kilekile ukinunua au usiponunua, na mwambie hivyo kabla hamjaingia getini.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la kiungwana: kwamba kumdai mtu karatasi ni kumtuhumu, na biashara yetu imejengwa juu ya kuaminiana. Wauzaji waaminifu wapo, tena wengi. Lakini hao ndio wanaoumizwa na mnunuzi asiyeuliza. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika, baada ya majarida kadhaa kuikataa, na mwaka 2001 ikamletea sehemu ya Tuzo ya Nobeli. Hoja yake ni hii: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hulipa bei ya katikati kwa yote mawili. Mwenye gari zima huona anapunjwa, analiondoa sokoni; mwenye bovu anafurahi na kuleta jingine. Ubora wa soko hushuka, bei nazo hufuata. Anayekuonyesha hati bila kusukumwa anastahili uongeze kidogo juu ya hesabu yako, na umwambie kwa nini.

Kwa wasomaji wa Mombasa na Nairobi mambo ni yaleyale ila sheria zina tofauti. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo tarehe ya usajili wa kwanza huko ni fedha, na hati ileile ya Japani ndiyo inayoithibitisha. Gari lililokwisha kupata namba, omba nakala ya kumbukumbu zake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya huko, kwa ada ndogo. Itakuonyesha ni la nani, na kama benki au mkopeshaji yeyote ana haki juu yake. Logbuku iliyo mkononi mwa muuzaji haitoshi.

Ukishajua haya, swali la bajeti halina tena makali. Jibu la heshima ni: "Nitakwambia, kaka, ila nionyeshe kwanza hati na namba ya chesesi." Ukitajiwa kwamba kuna mteja mwingine ameshalipa nusu, mtakie heri mteja huyo. Usitoe arbuni kwa sababu ya hofu; ukitoa, iandikwe kwamba itarudi endapo ukaguzi au karatasi zitaonyesha kasoro, na iingie akaunti ya kampuni, si simu ya kijana. Andika pia kilomita na hali ya ajali kwenye mkataba wa mauzo, kwa kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haimlindi kwa urahisi aliyelikagua gari kisha akaja kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Mwisho, dai risiti ya EFD yenye kiasi chote ulicholipa. Utaahidiwa punguzo ukikubali risiti ya kiasi kidogo. Likatae, kwa sababu siku ya kudai haki, mbele ya sheria utakuwa umelipa kile kilichoandikwa pale.

Sehemu ya tatu, juma lijalo, itahusu gari la mkopo: riba inapojificha, na kadi ya gari inakaa kwa nani mpaka deni liishe.