Baba fundi anaporudi watoto wamelala
Katika karakana za kampuni zinazouza magari, fundi anayejua umeme na giaboksi ndiye huchelewa kurudi nyumbani. Mara nyingi tatizo si wingi wa magari, bali namna kazi zinavyogawanywa asubuhi.

Kubadili oili ni kazi fupi. Kutafuta hitilafu ya umeme kunaweza kula nusu siku. Fundi mzoefu akipewa zote mbili, ile ngumu huanza alasiri na kuisha usiku.

Msimamizi makini hupanga kwa saa, si kwa idadi ya magari. Sevisi za kawaida huwapa mafundi chipukizi, gari ambalo vipuri vyake havijafika haliingizi kwenye ratiba, na huacha muda kidogo kwa dharura.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne.

Mzazi uliye fundi, andika saa zako kwa mwezi mmoja, kisha zungumza na msimamizi wako. Nawe mwenye gari, weka miadi mapema na ueleze tatizo lote siku hiyo hiyo. Fundi wako naye ana mtoto anayesubiri kukaguliwa daftari.