Rangi Inayoanzia Tumboni

Samaki wa dhahabu hana papara ya kumeza. Akikuta kitu chini ya tangi hukivuta kinywani, hukigeuza, hukitafuna, ndipo huamua kumeza au kutema. Mwaka 2018 watafiti wa Uchina walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha hatari ya tabia hiyo. Samaki waliwekewa vipande vya plastiki vyenye ncha, punje na nyuzi. Vipande na punje walivitafuna na kuvitema, lakini vinywa vilikuwa vimekwisha kuchubuka, vingine vikakatika kwa kina. Nyuzi walizimeza, zikaujeruhi utumbo, hasa sehemu yake ya nyuma. Samaki hao walikonda kuliko wenzao waliokaa kwenye maji yasiyo na plastiki.

Vipande vya namna hiyo, vyenye ukubwa usiozidi milimita 5, ndivyo vinavyoitwa mikroplastiki. Jina hilo lilienea baada ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake kuandika juu yake mwaka 2004. Hutokana na mifuko na chupa zilizochakaa juani, kamba na nyavu za nailoni, matairi yanayolika barabarani, na nguo za polyesta zinazotoa nyuzi kila zinapofuliwa.

Je, uchafu huo unahusianaje na rangi, kitu ambacho mnunuzi wa samaki wa mapambo hukitazama kabla ya kingine chochote?

Rangi ya samaki imo ndani ya seli za ngozi yake. Weusi hutengenezwa na mwili wenyewe. Mng'ao wa fedha hutoka kwenye fuwele ndogo zinazorudisha mwanga. Lakini wekundu, rangi ya chungwa na sehemu kubwa ya umanjano hutegemea karotenoidi, kemikali za jamii ileile inayoipa karoti rangi yake, na hakuna samaki anayeweza kuziunda mwenyewe kuanzia mwanzo. Lazima azile. Gapi dume wa mito ya Trinidad huzipata hasa kwenye mwani, na majike wengi huvutiwa na dume mwenye madoa makali ya chungwa. Dume aliyefifia anaweza kukosa mwenza.

Karotenoidi hizohizo zina kazi nyingine mwilini: kusaidia kinga na kuzuia kemikali haribifu zinazozalishwa seli zinapoumia. Hapo ndipo plastiki inapoweza kugusa rangi. Utumbo uliojeruhiwa hufyonza chakula kidogo. Mwili wenye uvimbe wa ndani hutumia akiba zaidi kujitibu. Kinachobaki kwa ajili ya ngozi hupungua. Samaki hafifii kwa sababu plastiki imemchubua magamba. Huenda hufifia kwa sababu ameharibikiwa tumboni.

Ushahidi wa madhara ya ndani ni mzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, danio, samaki mdogo mwenye mistari kama ya pundamilia, aliwekwa siku 7 kwenye maji yenye chembe za plastiki. Chembe za milimita 0.02 ziliishia kwenye mashavu na utumbo. Zile za milimita 0.005 zilifika hadi kwenye ini, ambalo lilivimba na kujaa mafuta. Kwa diskasi, samaki wa Amazon anayependwa sana na wafugaji, watafiti waliona kuwa plastiki iliathiri uwindaji, umeng'enyaji wa chakula na matumizi ya nguvu mwilini kuliko ongezeko la joto la maji.

Haki itendeke: majaribio mengi hutumia plastiki nyingi kuliko iliyomo kwenye mito na maziwa, na utafiti wa rangi yenyewe bado ni mchanga ukilinganishwa na ule wa utumbo na ini. Isitoshe, samaki hupauka pia kwa maradhi, maji machafu, hofu au chakula duni. Mfugaji asikimbilie kuilaumu plastiki kabla ya kupima maji yake.

Kwa Afrika Mashariki suala hili liko mlangoni. Samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa hufugwa kwenye matangi ya Ulaya, Marekani na Asia kwa sababu ya rangi zao. Trofeo, sikilidi wa Tanganyika, hutofautiana rangi kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine, na wafugaji wanajua kuwa utumbo wake mrefu huugua upesi. Chakula chake ni mwani anaoukwangua juu ya miamba, na utando wa mwani hunasa vumbi na chembe zinazozama. Tena maziwa haya hupoteza maji yake mengi kwa mvuke. Maji hupaa, plastiki hubaki.

Huko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki matumboni mwa asilimia 20 ya sangara na asilimia 20 ya sato waliochunguzwa. Hao ni samaki wa kitoweo, lakini furu, sikilidi wenye rangi, wanaishi katika ziwa hilohilo, na furu tayari wameonyesha gharama ya kupotea kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kuwa maji ya Ziwa Victoria yalipochafuka na kuwa na ukungu, majike walishindwa kutambua rangi za madume wa aina yao, na mipaka kati ya aina ikaanza kufutika. Kosa hilo lilikuwa la tope na mwani, si la plastiki. Hata hivyo linaonyesha kuwa kwa samaki hawa rangi ni suala la uzazi na kuendelea kuwapo.

Mwenye tangi nyumbani ana la kufanya. Abadilishe sponji ya chujio inapoanza kumeguka, aondoe mimea bandia inayochanika, atumie mchanga na mawe halisi badala ya kokoto za plastiki, na asiwape samaki chakula kilichosagika ndani ya mfuko wa plastiki uliochakaa.

Ila ziwa halina chujio; plastiki lazima izuiwe kabla haijafika majini. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Lakini nyavu kuukuu, kamba na magunia ya nailoni bado yameachwa kwenye fukwe nyingi. Halmashauri za kando ya maziwa na vikundi vya wavuvi viweke mahali pa kukusanyia nyavu hizo katika kila mwalo, na viziondoe kabla ya mvua kuzisomba majini.