Ubao wa Theluji Unaokunjwa, na Mkono Uliovunjika

Nilizaliwa Moshi, na katika utoto wangu wote niliitazama theluji ya Kibo kwa mbali. Kuigusa nilingoja hadi nilipofikisha umri wa miaka 38, nilipokwenda Norway kwa mwaka mmoja wa mafunzo ya ziada ya upasuaji wa mifupa. Sikujua kwamba theluji hiyohiyo ndiyo ingenifundisha jambo kuhusu viti vya magurudumu vya wagonjwa wangu wa nyumbani.

Mwezi Januari katika nchi ile, chumba cha plasta hujaa vifundo vya mikono. Mtu anapopoteza mizani, mkono hutangulia kuipokea ardhi kabla akili haijatoa amri, na uzito wote wa mwili humalizikia katika kiganja kilichonyooshwa. Miongoni mwa waliofika asubuhi moja alikuwa kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa uhandisi. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba ulikuwa umevunjika karibu kabisa na kifundo, na kipande cha mwisho kimesukumwa kuelekea mgongo wa mkono. Tulimtia ganzi, tukauvuta mfupa ukarejea katika mstari wake, tukaufunga. Nilipomuuliza ameangukaje, alinyamaza kwanza; kisha akatoa simu kwa mkono uliobaki akanionyesha mchoro.

Ulikuwa ubao wa kutelezea mteremkoni, wenye urefu wa sentimita 120. Katikati palikuwa na bawaba ya chuma, ili ubao ukunjwe na kubaki sentimita 60, uingie katika mkoba wa mgongoni na kupandishwa katika basi. Mbele palikuwa na kitelezi kifupi kilichogeuzwa kwa usukani kama wa baiskeli. Aliubuni kwa ajili ya mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka tisa, aupande wakati wa Pasaka, majira ambayo familia nyingi za Norway huenda kukaa milimani. Kwa bahati aliamua kuujaribu yeye kwanza. Katika mteremko wa tatu aliingia katika kibonde kidogo, komeo la bawaba likafyatuka, na ubao ukajifunga kama mdomo wa mamba. Yeye akarushwa mbele.

“Kosa langu liko wapi, daktari?” aliniuliza. Mimi si mhandisi. Hata hivyo, kazi yangu ya kila siku ni vitu virefu vinavyobeba uzito na kuvunjika, nikaona swali lake si geni kwangu.

Chukua rula, iweke juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha bonyeza katikati. Itapinda, na ukizidisha itavunjika, mahali palepale unapobonyeza. Ndivyo ubao ulivyo ndani ya kibonde: ncha ya mbele imeegemea ukingo mmoja, ya nyuma ukingo mwingine, na mtu amesimama kati. Kijana alikuwa ameiweka bawaba mahali ambapo nguvu ya kupinda ni kubwa kuliko pote. Tena aliiweka upande wa juu, hivyo uzito wa mpandaji wenyewe ukawa unasaidia kuufunga ubao, na kilichobaki kuuzuia ni komeo dogo la kabati.

Mwili haufanyi hivyo. Mfupa wa paja hauna kiungo katikati. Kiungo kipo mwisho wake, gotini, na goti lina hila yake. Unaposimama wima, mstari wa uzito wa mwili hupita mbele kidogo ya goti, ili uzito ulisukume goti linyooke badala ya kulikunja, nazo kano za nyuma hulizuia lisipitilize. Katika nyuzi za mwisho za kunyooka, mfupa wa paja hujizungusha kidogo kuelekea ndani juu ya mfupa wa muundi, na kiungo hukazika. Ili kukikunja tena, msuli mdogo ulio nyuma ya goti hutangulia kuufungua mzunguko huo. Kwa sababu hiyo askari wa gwaride huweza kusimama saa nzima bila mapaja yake kuchoka kama inavyotarajiwa. Komeo zuri ni lile ambalo mzigo hulikaza.

Tukakubaliana basi kwamba bawaba igeuzwe? Hapo nami nilikosea kwa haraka. Bawaba ikiwekwa chini, kibonde kitaukaza ubao, lakini kilima kidogo kitaukunja kinyume, kwa kuwa miguu ya mpandaji inakandamiza ncha zote mbili huku katikati pameinuliwa. Theluji ina vibonde na vilima pia. Kijana aliliona hilo kabla yangu, akacheka kwa uchungu wa mkono.

Jibu bora lilikwisha kupatikana zamani Marekani. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Voile ya jimbo la Utah ilianza kuuza vifaa vya kuupasua ubao wa theluji kwa urefu, kutoka pua hadi mkia. Mtu hupanda mlima akitumia vipande viwili kama jozi ya ski, na akifika juu huviunganisha kwa ajili ya kuteremka. Kila kipande hubaki na urefu wake wote, hivyo nguvu ya kuhimili mpindo haikatwi popote. Na kinachopendeza zaidi ni kwamba vibanio vya viatu hupita juu ya vipande vyote viwili na kuvishika pamoja: mguu wa mpandaji ndio unaokuwa komeo. Ubao wa mtoto ukikunjwa hivyo, kama kitabu, haupungui urefu bali upana, na utabebwa mgongoni kwa mikanda badala ya kuingia mkobani. Hasara hiyo naiona ndogo.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya usukani. Watu wamesumbukia uongozaji wa vyombo hivi kwa muda mrefu. Samuel Leeds Allen, mtengenezaji wa zana za kilimo wa Philadelphia, alipata hataza mwaka 1889 ya sleji iliyogeuzwa kwa kupindisha reli zake kwa mti wa mkingamo. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1965, Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, alifunga ski mbili sambamba ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama, na chombo kilichozaliwa humo kikawekewa kamba puani ya kushikilia. Bao za leo hazina usukani wala kamba: kingo zake zimechongwa kuingia ndani kidogo, na mpandaji akielemea vidole au visigino, ukingo huuma theluji na ubao hufuata upinde wake. Vifundo vya miguu ndivyo vinavyoongoza.

Mimi niliukataa usukani kwa sababu ya tumbo la mtoto. Madaktari wa watoto wanaijua ajali ya mpini wa baiskeli: chombo kinasimama ghafla, mwili unaendelea, na ncha ya mpini inagandamiza kongosho, wengu, ini au utumbo dhidi ya uti wa mgongo. Nje huonekana mchubuko mdogo wa duara, au hapaonekani kitu. Wahudumu wenzangu, mtoto wa namna hiyo akilalamika tumbo au akitapika, asirudishwe nyumbani kwa dawa ya maumivu pekee. Aangaliwe kwa saa kadhaa na kupimwa tena na tena, kwani dalili huweza kuchelewa. Kamba ikiachiwa haimchomi mtu. Kijana alitaka usukani kwa kuwa ulikuwa sehemu aliyoichora vizuri kuliko zote, na nilimwelewa. Nasi madaktari wa upasuaji tuna vyuma tunavyovipenda kupita kiasi.

Kuhusu mikono, nilikuwa na ushahidi wa nchini kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika katika miteremko ya Hafjell, uliwagawa kwa bahati nasibu wapanda ubao 5,029, nusu wakivaa vikinga vya vifundo vya mikono na nusu bila vikinga. Walioumia vifundo walikuwa 8 katika kundi la kwanza na 29 katika la pili. Wanaoanza kujifunza ndio wanaoumia zaidi. Nasi tusio na theluji tunapokea mkono huohuo kutoka kwenye pikipiki, mnazi na sakafu ya bafu yenye maji. Ukibonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba na mgonjwa akaruka kwa maumivu, huenda ni mfupa wa skafoidi, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuonekana safi. Mfungie banzi, umrudishe baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha nyingine.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Mwezi wa pili tu kliniki ililetewa mama mmoja aliyepooza miguu, paja limevimba juu ya goti. Hakuwa na maumivu, kwa sababu hana hisia sehemu hiyo, na mifupa ya miguu isiyobeba uzito kwa miaka hudhoofu hata anguko dogo huivunja. Alikuwa ameanguka kutoka katika kiti cha magurudumu kinachokunjwa, msaada aliokabidhiwa bila mtu kumwonyesha namna ya kukifungua. Nilikiomba kiti nikiangalie. Fito moja ya kukalia haikuwahi kukaa katika kishikio chake, na bolti ya katikati ilikuwa imelika.

Kiti cha aina hiyo kina historia ya heshima. Herbert Everest, mhandisi wa migodi wa Marekani aliyevunjika mgongo kazini, alikitengeneza mwaka 1933 pamoja na rafiki yake Harry Jennings, fundi mitambo, ili aweze kukipakia ndani ya gari. Vyuma viwili vilivyopishana chini ya kiti hutanuka kinapofunguliwa, na uzito wa aliyeketi huzikandamiza fito ziingie vishikioni, kama goti linavyokazwa na kusimama. Ila hufanya kazi hiyo pale tu fito zilipokwisha kukaa mahali pake. Kifungue kwa kusukuma fito zote mbili chini kwa viganja, vidole vikielekea ndani ya kiti visije vikabanwa pembeni, kitikise, tazama bolti ya katikati, ndipo mgonjwa ahamie. Kazi hii haichukui nusu dakika. Sasa kliniki yetu haimruhusu mgonjwa kuondoka na kiti kipya kabla yeye na ndugu yake hawajakikunja na kukikunjua mbele yetu mara tatu.

Yule kijana alikuja kuondolewa plasta wiki ya sita. Alikuwa na ubao mpya mgongoni, umepasuliwa kwa urefu, na kamba badala ya usukani. Aliutandika katika ujia wa hospitali akaniomba nisimame juu yake, na nilisimama na koti langu jeupe huku muuguzi akitutazama kwa mashaka. Haukulia. Nilimuuliza kama binti amenunuliwa vikinga. Akafungua mkoba, akatoa jozi mbili, moja ndogo sana na nyingine ya kipimo chake mwenyewe.

Mgonjwa aliyemfuata alikuwa ameandikiwa kwamba kifundo cha mguu kimeteguka, na wiki tatu zimepita. Maumivu yalikuwa upande wa nje, chini kidogo ya ncha ya mfupa, mbele. Kwa wapanda ubao hapo ndipo huvunjika pembe ya mfupa wa talasi, na eksirei ya kawaida huikosa mara nyingi. Niliomba kipimo cha CT.