Nondo asiyeonekana atishia mlilana Pwani

MIONGONI mwa aina 9 za mikoko zinazomea Pwani ya Kenya, mlilana ndio unaosimama mbele kabisa kuyakabili mawimbi, ikiwemo katika hori ya Tudor upande wa Kisauni na Port Reitz upande wa Changamwe.

Mti huu una adui ambaye si rahisi kumwona. Ni nondo wa jamii ya Metarbelidae, ambaye viwavi wake huishi ndani ya matawi.

Kama ilivyo kwa jamii hiyo, nondo aliyekomaa hali chakula. Kazi yake ni kujamiiana na kutaga mayai. Anayekula ni kiwavi. Hutoboa tawi na kuchimba njia ndani yake, huku unga wa mbao ukitokeza tunduni. Hatimaye tawi hukauka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, baada ya maeneo 9 ya Pwani kukaguliwa, ulibaini kuwa nondo huyo yupo kuanzia Vanga hadi Mtwapa, masafa yanayoijumuisha Mombasa, na tena kuanzia Ngomeni hadi Kiunga. Mlilana ulikuwa umeshambuliwa kwa karibu miongo miwili, ilhali jenasi ya mdudu huyo ilikuwa bado haijapewa jina. Ili kumtambua, watafiti waliwanasa wadudu waliotoka matawini na kuwalea viwavi katika maabara.

Walimpata pia mbawakawa aitwaye Bottegia rubra. Ghuba ya Gazi ilikuwa na mashambulizi ya asilimia 18, na Mida asilimia 25.

Hasara haiishii kwa mti. Mizizi ya mlilana inayochomoza topeni hupunguza nguvu ya mawimbi na kuwapa samaki wachanga maficho, na mbao zake hufanyiwa mataruma ya majahazi.

Kwa Mombasa, pigo hili linaangukia msitu uliokwisha kujeruhiwa. Mikoko ya Mwache iliangamizwa na mchanga na tope la mvua za El Nino za 1997 na 1998, nayo ya Tudor imekabiliwa na majitaka na ukataji.

Kwa kuwa mbawakawa huyo hushambulia hata miti michanga, kupanda pekee hakutoshi. Wanaorejesha mikoko hawana budi kukagua matawi mapema, wakitafuta matundu na unga wa mbao, kabla mti haujaanza kukauka.