BENDERA, RAIA NA MLINDWA: ISTILAHI ZILIZOFIKISHWA MBELE YA WAAMUZI

Sisi tunaoishi Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, hatuna mazoea ya kufikiria habari za bendera za vyombo. Mtumbwi unaotoka katika mwalo wa Kirumba au wa Kayenze kwenda kuvua hautambuliwi kwa kitambaa kinachopepea mlingotini, bali kwa namba iliyoandikwa ubavuni na kwa karatasi alizo nazo mwenyewe. Hata hivyo, mvuvi akikamatwa na askari wa nchi jirani kwa madai kwamba amevuka mpaka, maswali yanayozuka ni yale yale yaliyoulizwa juu ya majahazi ya Bahari ya Hindi zaidi ya miaka mia moja iliyopita: chombo hiki ni cha nchi gani, na aliyemo ni mtu wa nani? Makala hii inakusudia kueleza jinsi maswali hayo yalivyoamuliwa mwaka 1905, na jinsi uamuzi wenyewe ulivyotegemea maana ya neno moja. Kisha tutapendekeza istilahi za Kiswahili zinazohusika.

Asili ya ugomvi

Katika karne ya 19 Waingereza walifanya mikataba na watawala wa Maskati na Unguja, wakapata haki ya kusimamisha na kupekua majahazi yaliyoshukiwa kubeba watumwa. Ufaransa haikukubali manowari za kigeni zipekue vyombo vyenye bendera yake. Matokeo yake yalikuwa dhahiri: wenye majahazi wengi, hasa watu wa Sur katika Oman, walijipatia hati na bendera za Kifaransa kutoka kwa maofisa wa Ufaransa waliokuwa katika bandari na visiwa vya bahari hiyo. Baadhi yao walitaka usalama wa biashara zao tu. Wengine walitaka kuficha shehena ya watumwa. Ugomvi huo ulimwaga damu katika maji yetu wenyewe: tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa London aliuawa karibu na Pemba alipoliendea jahazi lenye bendera ya Kifaransa.

Katika Ziwa letu pia vyombo vya watu wa pwani vilikuwamo, lakini huko hapakuwa na hati wala mahakama ya kuamua. Desemba 1877, kisiwani Ukerewe, ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro, aliyekuwa na jahazi kisiwani humo, uliishia katika mauaji ya Songoro pamoja na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill.

Siku mbili za Julai 1890

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ulioligawa Ziwa Victoria kwa mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi Mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, ambao ndani yake mliwekwa masharti ya bendera kwa vyombo vya kienyeji vya baharini. Mkataba wa kwanza ulichora mpaka majini. Wa pili ulieleza nani aruhusiwe kupeperusha bendera ya nani.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Brussels, chombo cha kienyeji kilitambulikana kwa umbo lake au matanga yake, ama kwa asili ya nahodha na wengi wa mabaharia wake. Mwenye chombo alipaswa kuwa raia wa taifa linalotoa bendera au mtu aliye chini ya ulinzi wake. Awe na mali isiyohamishika au mdhamini. Tena awe na sifa njema, asiwe amepata kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Lakini Mkataba haukueleza ni mtu gani hasa anayehesabiwa kuwa chini ya ulinzi, yaani yule ambaye Wafaransa humwita protégé. Katika pengo hilo ndipo kesi ilipozaliwa.

Uamuzi wa The Hague

Kwa mapatano ya tarehe 13 Oktoba 1904, Uingereza na Ufaransa zilipeleka shauri lao kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Waamuzi walikuwa Lammasch wa Austria, Fuller wa Marekani na Savornin Lohman wa Uholanzi. Tarehe 8 Agosti 1905 walitoa uamuzi wao.

Kwanza walisema kwamba kila dola huru ina haki ya kuamua impe nani bendera yake. Kwa hiyo, kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouthibitisha Mkataba wa Brussels, hapakuwa na kosa. Baada ya siku hiyo haki ilifungwa na Mkataba, na ikabidi neno lile lifafanuliwe. Waamuzi walitaja makundi manne: watu wa nchi iliyo chini ya ulinzi wa taifa hilo, watu waliotajwa katika mikataba ya Moroko ya 1863 na 1880 na katika sheria ya Waturuki ya 1863, watu waliotambuliwa kwa mkataba maalumu, kama ule wa tarehe 17 Novemba 1844 baina ya Ufaransa na Seyyid Said, na watu waliokwisha kutendewa hivyo kabla ya mwaka 1863. Mtu wa Sur aliyepewa bendera mwaka 1895, kwa mfano, hakuweza kutetewa na bendera hiyo asipothibitisha kwamba yumo katika makundi hayo.

Pili, walisema kwamba jahazi lililopewa bendera kwa haki halipekuliwi katika maji ya Maskati, lakini nahodha, mabaharia na jamaa zao wanabaki chini ya sheria za Sultani. Ruhusa yenyewe hairithiwi na mtu mwingine wala haihamishiwi jahazi jingine. Kwa ufupi, bendera ilikinga mbao, haikukinga watu.

Mapendekezo ya istilahi

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kuchagua maneno ya namna hii imekuwa ya lazima. Tunapendekeza haya:

(a) Mlindwa: mtu asiye raia wa dola fulani lakini ambaye dola hiyo imekubali kumkinga. Neno limeundwa kama mfungwa na mpendwa. Tumeliacha himaya kwa sababu siku hizi latumiwa pia kwa maana ya milki kubwa ya mfalme. Raia ana nchi. Mlindwa ana mlinzi, na mlinzi aweza kuondoka.

(b) Bendera na utaifa wa chombo: bendera ibaki kuwa alama, na utaifa wa chombo uwe ule uhusiano wa kisheria unaoonyeshwa na alama hiyo. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimeandikishwa Zanzibar na kupeperusha bendera ya Tanzania, hata zikafutwa katika daftari. Alama ilikuwapo, uhusiano haukuwapo.

(c) Kibali na hati ya milki: kibali humfuata mtu aliyepewa na chombo kilichotajwa; milki huuzwa na kurithiwa. Anayenunua mtumbwi asidhani kwamba amenunua na kibali cha muuzaji.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Katika sheria, bendera hufuata neno lililoandikwa, na neno lisilofafanuliwa huvutwa na mwenye nguvu. Mvuvi wa Ukerewe au wa Igombe anayeulizwa maswali ng'ambo ya mstari uliochorwa mwaka 1890 anastahili kuwa na karatasi ambayo maneno yake anayaelewa, na ambayo maana yake haigeuki mpakani. Tunawakaribisha wasomaji watoe maoni yao juu ya istilahi hizi kabla hazijazoeleka.