Mapatano yatangulie programu

Kila muhula unapokaribia ukingoni, mimi huletewa malalamiko yale yale na wanafunzi wa kompyuta. Kundi la watu watano limepewa mradi, tuseme programu ya kuweka rekodi za karo. Wawili wamekesha wakiiandika, mmoja hajaonekana tangu wiki ya pili, na waliosalia wanangoja kuambiwa la kufanya. Alama zinapotoka, wote watano wamepata sawa. Anayenung'unika huambiwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Naam, lakini methali hiyo haisemi vidole vigawane kazi vipi.

Kwa maoni yangu, kundi lisiandike hata mstari mmoja wa msimbo kabla ya kuandika mapatano yake. Frederick Brooks, Mmarekani aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu ni hesabu nyepesi. Watu watano wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Wakiwa kumi, njia zinakuwa 45. Kila njia ni mahali ambapo neno laweza kupotea.

Je, mapatano hayo yaseme nini? Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa huandika maneno matamu kama "tutashirikiana" na "tutaheshimiana", ambayo hayambani mtu. Heri waandike maana ya kazi iliyokwisha. Mmoja hudhani amemaliza pindi programu inapokubali kufunguka kwenye mashine yake. Mwenziwe hudhani kazi haijaisha mpaka mtu mwingine ameisoma na kuijaribu. Tofauti hiyo ndiyo huzua ugomvi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Waandike pia nani ana idhini ya kuunganisha kazi za wote, na mtu akikwama angoje muda gani kabla ya kuomba msaada. Mimi hupendekeza siku moja, isizidi.

Wasisahau hali zao. Si kila mwanafunzi ana kompyuta nyumbani, wala si kila kijiji kina stima ya kutegemewa. Asiyejibu ujumbe Jumapili huenda si mvivu. Huenda yuko mbali na mtandao. Hilo likisemwa mapema, hugeuka kuwa ratiba badala ya lawama.

Lipo na suala la umiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za kifasihi. Wawili wakija kuiuza programu ile kwa shule fulani baada ya kuhitimu, wenzao waliochangia kuiandika watauliza fungu lao, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Walimu nao wana sehemu yao. Tangu Linus Torvalds alipobuni Git mwaka 2005, imekuwa rahisi kuona nani alibadilisha nini, na lini. Tuitumie kumbukumbu hiyo, lakini tusihesabu mistari kama karani ahesabuye magunia. Aliyefuta mistari 200 isiyofaa pengine amefanya kazi kubwa kuliko aliyeiongeza. Afadhali tumwite kila mwanafunzi peke yake, tumwulize kuhusu sehemu aliyojitwika katika mapatano.

Wako wanaodai kwamba kutia sahihi baina ya marafiki ni dalili ya kutoaminiana. Sikubaliani nao hata kidogo. Urafiki niliouona ukivunjika katika miradi hii ulivunjwa na mambo ambayo hayakusemwa.

Mwalimu na ayatoze mapatano hayo alama chache, kisha ayadai tena wiki ya sita. Karatasi ikirudi safi bila kifungu hata kimoja kilichokatwa au kuongezwa, ajue kuwa hakuna aliyeisoma, naye aliite kundi hilo siku iyo hiyo.